Kabla ya Kura, Tuhesabu Mfuko wa Mji

Mazungumzo ya redio katika kipindi cha elimu ya raia na ujenzi wa amani



Leo ningependa tuzungumze juu ya neno dogo linalovuruga amani katika miji yetu kila uchaguzi unapokaribia. Neno hilo ni "mtu wetu". Utasikia: safari hii lazima apite mtu wetu. Mtu wetu akikaa kwenye kiti, sisi pia tutakula. Neno hilo linaonekana tamu. Lakini ndilo linalofanya jirani amwangalie jirani kwa jicho baya, na watoto waliocheza pamoja waanze kurushiana mawe.

Nitaanza na jambo nililoliona mwenyewe. Siku moja nilialikwa katika uwanja wa parokia moja. Viongozi wa vyama vya makabila mbalimbali ya mji walikuwa wamekutana kutayarisha uchaguzi. Nilialikwa kama mtu wa sheria ili niwaeleze namna ya kujaza fomu. Tulikaa tangu asubuhi hadi jua la saa saba. Maneno yote yalikuwa juu ya viti: hawa watapata majina mangapi katika lata, wale wangapi, nani awe wa kwanza. Wazee wawili walisimama wakataka kushikana.

Ndipo mama mmoja muuza samaki, aliyekuwa ameketi nyuma, akaomba neno. Akasema: "Ninyi wababa, mumegawa viti vyote. Mimi kila asubuhi ninalipa kodi ya soko. Mvua ikinyesha, tunauzia ndani ya matope. Matope hayana kabila, yanatushika sisi wote. Nani kati yenu anajua feza yetu ya soko inaenda wapi?"

Hakuna aliyejibu. Hata mimi, pamoja na diploma yangu ya sheria, nilinyamaza, kwa sababu sikujua. Tangu siku ile swali la mama yule linanifuata. Na katika kutafuta jibu lake nilisoma habari za mji mmoja wa mbali, ambako viongozi wa watu weusi walilijibu swali kama hilo kwa miaka mingi, mara kwa kushinda, mara kwa kushindwa. Mji huo ni Atlanta, katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Nawaomba tusafiri pamoja hadi huko, halafu tutarudi nyumbani.

Wasikilizaji, Atlanta haikuanza na amani. Mwaka 1906 watu wawili walishindania ugavana wa Georgia. Wote wawili walikuwa watu wa magazeti, na wote wawili walishindana kuonyesha nani angewanyang'anya Weusi haki ya kura kwa nguvu zaidi. Magazeti ya mji yakajaza habari za kuwachafua Weusi. Mwezi wa Septemba mwaka ule makundi ya Wazungu yakaingia mitaani, na kwa siku chache yakaua watu weusi wasiopungua 25, yakavunja maduka yao. Mwaka 1908 Georgia ikabadilisha katiba yake, na Weusi karibu wote wakaondolewa katika orodha ya kura. Tuone vizuri: mauaji yalianza na maneno ya kampeni. Panga lilikuja nyuma ya gazeti.

Baada ya damu ile, wafanyabiashara wengi weusi walihama katikati ya mji wakajenga katika barabara yao, Auburn Avenue. Pale kulikuwa na kampuni ya bima iitwayo Atlanta Life, iliyoanzishwa mwaka 1905 na Alonzo Herndon, mtu aliyezaliwa katika utumwa na kufanya kazi ya kinyozi. Pale kulikuwa na benki ya Weusi, Citizens Trust, iliyoanza mwaka 1921. Pale pia, mwaka 1949, kituo cha WERD kikawa redio ya kwanza Marekani kumilikiwa na mtu mweusi. Kwa hiyo watu hawa walikuwa na biashara. Walikuwa na makanisa na vyuo vikuu. Lakini mataa ya barabara hawakuwa nayo, polisi mweusi hawakuwa naye, na kodi walilipa kama wengine. Swali la mama wa samaki lilikuwa lao pia.

Aliyelishika swali hilo kwa mikono miwili ni mzee John Wesley Dobbs. Alikuwa mfanyakazi wa posta katika garimoshi. Alikuwa na desturi ya kufundisha kwamba Weusi wanahitaji mambo matatu: feza, kura na vitabu. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kwa meya William Hartsfield kuomba polisi weusi, meya alimwambia arudi siku atakapokuwa na wapiga kura 10,000. Jibu hilo ni baya, lakini lina somo ndani yake. Meya alimwambia ukweli wa siasa: asiye na kura hana deni la kudai.

Mwaka 1946 mahakama ilikomesha utaratibu wa Georgia uliowafungia Weusi nje ya kura ya mchujo ya chama cha Demokrat. Katika Georgia ya wakati ule, aliyeshinda mchujo huo ndiye aliyeshinda uchaguzi. Mara moja viongozi walianza kazi ya kuandikisha watu. Waligawana mji mtaa kwa mtaa, nyumba kwa nyumba. Kwa siku 51 tu, orodha ya wapiga kura weusi ikapanda kutoka chini ya 7,000 hadi zaidi ya 20,000. Mwaka 1948 mji ukaajiri polisi weusi 8. Kweli, walikatazwa kumkamata Mzungu, na walibadilishia nguo zao katika nyumba ya vijana ya YMCA, si katika kituo cha polisi. Lakini mlango ulikuwa umefunguka kidogo.

Sasa tufike kwenye jambo kubwa. Mwaka 1949 viongozi hao waliunda Umoja wa Wapiga Kura Weusi wa Atlanta. Mwenyekiti mmoja alikuwa Dobbs, mtu wa chama cha Republican. Mwenyekiti mwenzake alikuwa mwanasheria A. T. Walden, mtu wa chama cha Demokrat. Vyama viwili vinavyopingana, meza moja! Hawakuacha vyama vyao. Walikubaliana tu kwamba katika uchaguzi wa mji watakaa kwanza pamoja, watawaita wagombea, watawauliza maswali, halafu watawashauri watu wao. Na katika nyumba ile ile ya YMCA kulikuwa na mkutano wa chakula cha mchana ulioitwa Klabu ya Wenye Njaa. Wanasiasa wa Kizungu walikuja kuwasikiliza Weusi pale, katika miaka ambayo wengi wao waliogopa kuonekana nao hadharani.

Waliuliza nini? Hawakuuliza "wewe ni mtu wa nani". Waliuliza: barabara zetu zitapata lini mataa na lami? Watoto wetu watapata lini shule zenye madarasa ya kutosha? Polisi wangapi? Kazi gani katika ofisi za mji? Haya yote ni maswali ya mfuko, kwa maana taa ni feza, polisi ni mshahara, shule ni bajeti. Walijua kwamba siku ya uchaguzi kura yao ingeegemea upande mmoja, na wagombea nao walijua. Hiyo ndiyo nguvu yao. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini msifikiri kwamba njia ilikuwa nyoofu. Mwaka 1956 gazeti la Fortune liliisifu Auburn Avenue kuwa barabara tajiri kuliko zote za Weusi duniani. Hata hivyo, katika miaka ile ile ya 1950 na 1960 barabara kuu ya magari ilijengwa ikaikata Auburn Avenue katikati. Nyumba zilibomolewa, wateja wakahama, maduka yakafungwa. Viongozi walikuwa wamezungumza na meya juu ya mataa, lakini ramani ya barabara kuu ilichorwa katika ofisi ambazo wao hawakuketi. Hapa tunajifunza hivi: haitoshi kuomba vitu vidogo vya mtaa. Lazima ujue pia mradi mkubwa unaokuja, nani ameuchora, na utapita juu ya nyumba ya nani.

Walijifunza kweli. Mwaka 1968 mji uliwaomba raia wakubali mpango wa usafiri wa umma, treni na mabasi. Viongozi weusi walisema: hamkutuita wakati wa kupanga, hatuoni kazi zetu ndani yake, hatuoni njia zitakazofika kwetu. Wakawashauri watu wao waukatae, na mpango ukaanguka. Hakuna gari lililochomwa, hakuna duka lililovunjwa. Waliukataa kwa karatasi ya kura. Basi wakubwa wa mji wakarudi mezani. Mwaka 1971 mpango uliletwa tena, ukiwa na masharti mapya. Mpango ulitaka kodi ya 1 kwa mia juu ya vitu vinavyonunuliwa, na kodi ya namna hiyo humbana zaidi maskini. Kwa sababu hiyo viongozi walidai nauli ishuke. Ahadi ikatolewa: nauli ya basi itoke senti 40 ifike senti 15. Kura ikapita katika wilaya mbili, na katika mwaka 1972 nauli ikashuka kweli. Hilo ndilo linaloitwa mapatano. Kila upande ulitoa kitu, na yule mama anayekwenda kazini kwa basi alikiona kwa mkono wake.

Ukaja mwaka 1973. Wakati huo Weusi walikuwa wamepita nusu ya wakaaji wa mji. Maynard Jackson, mwanasheria wa miaka 35, mjukuu wa mzee Dobbs, aligombea umeya dhidi ya Sam Massell. Massell mwenyewe alikuwa amechaguliwa mwaka 1969 kwa msaada mkubwa wa kura za Weusi. Lakini alipoona anashindwa, kampeni yake ilianza kuwatia watu hofu, kana kwamba mji ungekufa ukiongozwa na Jackson. Hofu haikushinda. Jackson alichaguliwa, akawa meya wa kwanza mweusi wa Atlanta.

Meya huyu alitazama mikataba ya jiji, yaani kazi ambazo mji hulipa makampuni ili yazifanye. Chini ya 1 kwa mia ya feza hizo ilikuwa ikienda kwa makampuni ya Weusi na ya watu wengine waliotengwa. Wakati mji ulipotaka kujenga uwanja mpya wa ndege, alisema wazi: makampuni makubwa yatashirikiana na makampuni ya wale waliotengwa, na fungu lao litakuwa kama robo, la sivyo, ujenzi hautaanza. Wakubwa wa biashara walikasirika. Kazi ilichelewa kuanza. Mwishowe walikubali. Uwanja ulifunguliwa mwezi wa Septemba 1980, na hadi mwisho wa miaka ya 1970 fungu la makampuni hayo katika mikataba ya mji lilikuwa limepita 30 kwa mia.

Wasikilizaji, ningeweza kumaliza hapa, tukapiga makofi. Lakini mtu wa sheria lazima alete ushahidi wote, hata ule usiompendeza. Mwaka 1970, akiwa makamu wa meya, Jackson aliwatetea wazoa taka waliogoma. Mwaka 1977, akiwa meya, wazoa taka waligoma tena kuomba mshahara. Wengi wao walikuwa watu weusi waliomchagua. Safari hii aliwafukuza kazi, karibu watu 1,000. Alisema mfuko wa mji hauna feza. Labda ilikuwa kweli, labda siyo yote. Lakini mzoa taka yule aliyepiga kura kwa furaha mwaka 1973 alijifunza kwamba kiti cha mtu wetu si sahani yangu. Na hata leo Atlanta ni mji wenye matajiri wengi weusi na maskini wengi weusi, na pengo kati yao ni pana.

Basi turudi nyumbani. Sisi tuna historia yetu. Mwezi wa Desemba 1957, Wabelgiji waliporuhusu Waafrika kupiga kura katika miji mitatu, Léopoldville, Élisabethville na Jadotville, watu waliona kwa mara ya kwanza wakubwa wa komini weusi. Huko Élisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, wakubwa wa komini waliochaguliwa katika sehemu za Waafrika walikuwa wenye asili ya nje ya Katanga. Swali lililofuata mitaani halikuwa "watafanya nini na soko na maji". Lilikuwa "kwa nini si mtu wetu". Mwaka 1958 kikaundwa chama cha Conakat, na hasira ile ikaingia ndani ya siasa. Yaliyofuata baada ya uhuru, wazee wetu wanayakumbuka. Na katika miaka ya 1992 na 1993 wengi wetu tuliona tena familia za Kasai zikiketi juu ya mizigo yao kwenye vituo vya garimoshi. Sisemi haya ili kufungua vidonda. Ninasema ili tujue kwamba swali baya, likiulizwa wakati wa uchaguzi, linaweza kuishi miaka 35 na kuzaa wajukuu.

Ninajua kuna msikilizaji anayesema: Mwalimu, Atlanta ina feza, komini yetu haina hata kiti cha karani. Ni kweli kwamba hatulingani. Lakini sikilizeni sheria inasema nini. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 175, inayapa majimbo 40 kwa mia ya mapato ya kitaifa. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema miji, komini, sekta na shefri zina haki ya 40 kwa mia ya fungu hilo la jimbo. Tufanye hesabu pamoja. Katika kila franka 100, franka 40 ni za majimbo. Katika hizo 40, franka 16 ni za ngazi ya chini, yaani huku kwetu. Kwa miaka mingi majimbo yamelalamika kwamba feza hizo hazifiki zote. Sawa, lakini unawezaje kudai deni ambalo hujui hesabu yake? Juu ya hizo zipo kodi za hapa hapa: kodi ya soko, ya maegesho, ya meza, ya kibanda. Hizo zinatoka mkononi mwa mama kila siku. Hakuna awezaye kusema hazipo.

Tena sheria inasema kwamba baraza la komini ndilo linalopitisha bajeti ya komini. Tarehe 20 Desemba 2023 washauri wa komini walichaguliwa moja kwa moja na raia, katika sehemu ndogo tu ya komini za nchi. Nyingine zilibaki zikingoja. Ngoja hiyo isitufanye tulale. Wazee wa Atlanta waliandaa watu kabla ya mlango kufunguka, na ulipofunguka walikuwa tayari.

Kwa hiyo ninawapa kazi ndogo ya nyumbani. Kwanza, katika kila kartie, viongozi wa makabila, wa makanisa na misikiti, wa vyama vyote vya siasa, wa wamama wa soko na wa vijana wa taksi-moto, wakae meza moja kabla ya kampeni. Si kwa kugawana viti. Wakae kwa kuandika mahitaji matatu, yasizidi matatu, ya mahali wanapoishi wote: labda mfereji, labda paa la soko, labda bomba la maji. Kila hitaji liwe na mahali na wakati.

Pili, wawaite wagombea wote, wa upande huu na wa upande ule, wawaulize mbele ya watu: Kodi ya soko inaleta kiasi gani kwa mwezi? Nani anaikusanya, na kwa risiti gani? Mradi gani mkubwa unakuja hapa, na utabomoa nyumba za nani? Kazi za komini zitapewa nani, na vijana wa hapa watachukuliwa wangapi? Asiyejua ajibu kwamba hajui. Anayejibu kwa bia, kwa kitambaa au kwa mfuko wa chumvi, jueni ameshindwa mtihani. Na anayejibu kwa kulitukana kabila la jirani, huyo ameshindwa mara mbili, kwa sababu anataka mpigane ili msihesabu.

Tatu, siku ya baada ya uchaguzi mkutano ule usivunjwe. Urudi kila baada ya miezi mitatu, ukiwa na karatasi ya ahadi mkononi. Na msimwonee huruma mtu wa kabila lenu kuliko wengine. Mtu wetu akila feza ya paa la soko, mvua itatunyeshea sisi pia.

Wasikilizaji wapenzi, mkutano ule wa parokia haukuishia kwenye ugomvi. Baada ya mama kusema, wazee waliokuwa wamesimama waliketi. Mmoja wao, mzee wa sauti kubwa kuliko wote, alitoa kalamu mfukoni akamwuliza: "Mama, kila asubuhi unalipa ngapi?" Mama akataja. Mwingine akauliza, "Na meza ziko ngapi katika soko lile?" Wakaanza kuzidisha. Hesabu ile ilichukua muda, na wakati wote huo hakuna aliyetaja kabila lake.

Tufanye hesabu hiyo, kila mtu katika kartie yake.